Maslahi na Maslaha: Historia ya Vyombo vya Usuluhishi katika Kaskazini Mashariki ya Kenya

1. Utangulizi

Katika Kiswahili cha vitabu na magazeti, neno maslahi lina maana ya manufaa yanayomhusu mtu au kikundi. Husemwa maslahi ya wafanyakazi, maslahi ya taifa, maslahi ya binafsi. Huko Garissa, Wajir na Mandera neno hilo, kwa umbo la maslaha, limechukua njia nyingine. Maslaha ni kikao cha wazee cha kumaliza ugomvi nje ya mahakama, na vilevile ni mapatano yanayotokana na kikao hicho. Asili ya maumbo haya mawili ni moja, yaani mzizi wa Kiarabu s-l-h, ambao pia umetupatia suluhu, usuluhishi na islahi. Pwani imeshika upande wa manufaa. Bara ya kaskazini mashariki imeshika upande wa kupatana.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo si jambo la msamiati peke yake. Historia ya usuluhishi katika eneo hili ni historia ya vyombo vingi vyenye maslahi mbalimbali: serikali na maofisa wake, wazee wa koo, masheikh, vikundi vya wanawake na vijana, mashirika ya misaada, na mahakama. Kwa muda mrefu vyombo hivyo vilipuuzana au vilipigana. Kuanzia 1993 vikajifunza kukaa pamoja. Hoja yetu ina sehemu mbili. Kwanza, ushirikiano uliofaulu haukutokana na chombo kimoja kukimeza kingine, bali na kila kimoja kukubaliwa kuwa na neno lake. Pili, ushirikiano huo umeyumba hasa pale ambapo mtu mwenye madai hakuwa na chombo cha kumsemea.

2. Baraza na shir

Kabla ya kuyaeleza mapatano inafaa tueleze hali iliyotangulia. Serikali ya kikoloni iliitawala Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa sheria za kipekee. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 na Sheria ya Utawala wa Wilaya Maalumu ya 1934 ziliwapa maofisa uwezo wa kuzuia watu kuingia na kutoka, kuwafungia wafugaji katika maeneo ya malisho yaliyopangwa, na kutoza ukoo mzima kwa kosa la watu wachache. Chombo kilichoonekana na wenyeji kilikuwa baraza. Bwana Shauri alisema, mkalimani akafasiri, watu wakasikiliza.

Wasomali walikuwa na chombo chao, yaani shir, mkutano ambao kila mwanamume mzima alikuwa na haki ya kusema. Kanuni zilizotumiwa humo huitwa xeer (herufi x ya Kisomali hutamkwa kama h nzito ya kooni). Xeer ni mkataba baina ya koo, unaoeleza ni nani atakayelipa nini iwapo damu itamwagika. Malipo hayo huitwa mag kwa Kisomali na dia kwa Kiswahili. Hulipwa na kundi zima la jamaa waliokubaliana tangu mwanzo kubebeana mzigo. Mzee anayesimamia mapatano huitwa nabaddoon, yaani mtafutaji wa amani.

Ukitazama kwa juujuu, utadhani kwamba adhabu ya pamoja ya serikali na dia ya pamoja ya xeer ni kitu kimoja, kwa kuwa katika zote mbili wengi huwajibika kwa tendo la mmoja. Kumbe zinatofautiana katika jambo la msingi. Katika xeer, kundi huwajibika kwa sababu lilikubali; katika adhabu ya serikali, kundi huwajibika kwa sababu limeamriwa. Serikali ilichukua umbo la desturi ikaliacha sharti lake la kwanza, ambalo ni ridhaa.

Uhuru haukuibadilisha hali hiyo. Tume iliyotumwa mwaka 1962 kuuliza maoni ya wakazi ilikuta kwamba wengi walitaka kujiunga na Somalia, lakini eneo likabaki Kenya. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla ya mwezi huo kwisha hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki. Vita vilivyofuata, vilivyoitwa vita vya Shifta, vilipungua baada ya Kenya na Somalia kuafikiana mjini Arusha mwezi Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi. Hata hivyo, sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika katika mkoa huo mpaka 1991.

Katika muda huo lilitokea jambo linalohusu moja kwa moja maudhui yetu. Mwezi Februari 1984 palikuwa na uhasama kati ya koo za Ajuran na Degodia katika Wilaya ya Wajir. Serikali iliamua kuumaliza kwa kuwapokonya silaha Wadegodia. Wanaume walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, na wengi wakauawa. Taarifa rasmi ilitaja watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliikataa idadi hiyo na kusema kwamba waliokufa huenda walikaribia 1,000. Hapo ndipo amri isiyo na mapatano ilipofikia kikomo chake. Baada ya Wagalla, chombo chochote cha serikali kilichotaka kuwapatanisha watu wa Wajir kilikuwa kikisimama mbele ya watu wenye sababu ya kutokiamini.

3. Kutoka sokoni mpaka kwa wazee, 1992–1993

Ugomvi uliozuka upya mwaka 1992 ulikuwa na sababu zilizoshikana. Ukame ulikuwa umeangamiza mifugo. Serikali ya Siad Barre ilikuwa imeanguka Mogadishu mwezi Januari 1991, na wakimbizi pamoja na bunduki vikavuka mpaka. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ukaongeza uchungu, kwa kuwa kiti cha bunge kilihesabiwa kuwa ni mali ya ukoo. Waliopigana kwanza walikuwa Ajuran na Degodia, wale wale wa 1984.

Safari hii hatua ya kwanza haikutoka serikalini wala kwa wazee. Ilitoka kwa wanawake wa mji wa Wajir, ambao mmoja wao, Dekha Ibrahim Abdi, alikuja kujulikana duniani na kutunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Mwaka 1993 uhasama wa koo ulikuwa umeingia sokoni, hata mwanamke wa ukoo huu akakataa kuuza au kununua kwa mwanamke wa ukoo ule. Wanawake hao hawakuanza kwa kuuliza ni nani aliyeanzisha vita. Walianza na jambo dogo lililo katika uwezo wao: soko liwe la wote. Wakaunda kamati ya kuangalia soko na kupokea malalamiko kabla hayajawa mapigano.

Kwa nini wao ndio walioweza? Katika desturi ya Wasomali mwanamke huzaliwa katika ukoo wa baba yake, akaolewa katika ukoo mwingine, na watoto wake wakawa wa ukoo huo wa pili. Koo mbili zinapopigana, yeye ana ndugu upande mmoja na wana upande wa pili. Nafasi hiyo humtia katika huzuni mara mbili, lakini pia humpa njia ya kupita pale ambapo mwanamume hapiti. Hata hivyo, desturi hiyo hiyo haimpi kauli katika shir. Kwa hiyo wanawake walijua kwamba, bila wazee, amani yao ingeishia sokoni.

Wakawaendea wazee. Mwezi Septemba 1993 wazee wa koo zilizohasimiana, chini ya kikundi cha usuluhishi kilichoitwa Al-Fatah, walikubaliana juu ya tamko lililoweka kanuni za kurudisha amani na kuihifadhi. Vijana wakaunda kikundi chao. Wafanyabiashara wakachangia gharama. Masheikh wakahubiri kwa hoja za dini. Kila kikundi kilifanya kazi yake kwa ruhusa ya watu wake. Mwanamke hakujifanya mzee wa ukoo, wala mzee hakudai kulisimamia soko. Ni kweli kwamba walitofautiana, lakini mgawanyo huo wa kazi uliwazuia kugombea kiti kimoja.

4. Kamati ya wilaya, 1995

Vikundi hivyo vilihitaji serikali kwa sababu za wazi. Wakati huo mkutano wa hadhara bado ulihitaji kibali chini ya Sheria ya Utaratibu wa Umma (Public Order Act), na sharti hilo halikulegezwa mpaka 1997. Polisi ndio waliokuwa na magari na redio za kuita. Serikali nayo ilihitaji vikundi, kwa kuwa habari za ugomvi wa malisho humfikia mzee kabla ya kumfikia Mkuu wa Wilaya, na Mkuu wa Wilaya huhamishwa baada ya muda mfupi ilhali mzee hubaki.

Njia iliyotumika ilikuwa ya kiutawala kabisa. Tangu 1983, chini ya mpango wa kuifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo, kila wilaya ilikuwa na Kamati ya Maendeleo. Mwaka 1995 vikundi vya amani vya Wajir viliingizwa katika mfumo huo, vikawa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Wilaya. Wajumbe walikuwa wakuu wa idara, maofisa wa usalama, machifu, wazee, viongozi wa dini, wanawake, vijana, na watumishi wa mashirika yasiyo ya serikali. Palikuwa pia na kikosi cha dharura cha watu mchanganyiko, ambacho kilikwenda mahali pa tukio mara habari ilipofika, ili damu ya mmoja isiwe damu ya wengi.

Jina la kamati linastahili kuangaliwa. Kuliweka neno amani kando ya neno maendeleo kulikuwa na kazi. Mashirika ya misaada yaliyokuja kuchimba visima yalizoea kuuona ugomvi wa koo kuwa shughuli ya polisi. Polisi nao walizoea kuuona mgawanyo wa visima kuwa shughuli ya mashirika. Lakini katika nchi kavu kisima ni sababu ya watu kukusanyika, na palipokusanyika mifugo ya koo mbili panahitajika makubaliano. Kuyaweka mambo haya mawili mbele ya kamati moja kuliwalazimisha wenye fedha, wenye bunduki na wenye desturi kusikilizana kabla ya kutenda.

Hatari ilikuwepo pia, nayo ni ya kawaida kila chombo kidogo kinapoingia katika chombo kikubwa. Kamati ambayo mwenyekiti wake ni ofisa wa serikali yaweza kugeuka baraza la zamani lenye jina jipya. Kilichozuia jambo hilo Wajir ni kwamba vikundi havikuvunjwa. Wanawake waliendelea kuwa na kikundi chao, wazee chao, vijana chao, na kila kimoja kingeweza kuondoka mezani. Ridhaa iliyokosekana mwaka 1984 ilikuwa imerudi.

5. Modogashe na Garissa: mapatano yanapoandikwa

Mfano wa Wajir ulienea. Kamati za amani ziliundwa katika wilaya nyingine za kaskazini, na mwaka 2001 iliundwa kamati ya taifa chini ya Ofisi ya Rais ili kuunganisha kazi za serikali na za mashirika. Mwaka huo huo wawakilishi wa Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo na sehemu jirani walifikia makubaliano katika mji mdogo wa Modogashe, yakaitwa Azimio la Modogashe. Yaliangaliwa upya mjini Garissa mwaka 2005. Yaligusa malisho na maji, wizi wa mifugo, silaha haramu, na malipo ya uhai. Mfugaji anayetaka kuingia malisho ya wengine sharti kwanza aombe idhini kwa wazee wa huko.

Hapa mwanalugha ana la kusema. Neno azimio, ambalo kwetu limekolezwa na Azimio la Arusha la 1967, ni neno la msemaji mmoja: chama huazimia, mkutano huazimia. Xeer ni neno la wasemaji wawili, kwa kuwa hakuna xeer ya ukoo mmoja na nafsi yake. Wazee walipokubaliana Modogashe walifanya xeer. Makubaliano hayo yalipoingia katika majalada ya serikali yakawa azimio. Kwa mzee, waraka ule ulikuwa ahadi baina ya koo. Kwa ofisa, ulikuwa kanuni inayoweza kutekelezwa kwa wote, hata kwa wale ambao hawakuwa na mjumbe Modogashe.

Vivyo hivyo kuna maneno dia na fidia. Masikioni yanafanana, na msomaji asiye mwangalifu aweza kudhani kwamba moja ni tawi la jingine. Sivyo. Dia inatokana na Kiarabu diya, malipo ya damu. Fidia inatokana na fidya, yaani kitu kinachotolewa badala ya kingine. Katika lugha ya ofisi dia hufasiriwa kuwa fidia, na hapo maana mbili hupotea: kwamba anayelipa ni kundi, na kwamba malipo huifunga milango ya kisasi. Katika fikihi kipimo kinachojulikana cha dia ni ngamia 100 kwa mwanamume na nusu yake kwa mwanamke. Anayelitamka neno fidia ofisini huona bei. Anayelitamka neno dia chini ya mti huona mwisho wa vita. Wote wawili wameona jambo la kweli.

6. Nani hakuwa mezani?

Tumesema kwamba kila chombo kilipata neno lake. Sharti sasa tuulize juu ya mtu asiye na chombo. Maslaha hufaa sana pale ambapo pande mbili ni makundi, na kila kundi lina wazee wa kulisemea. Lakini maslaha yametumika pia katika makosa yaliyotendwa na mtu juu ya mtu, hasa kunajisiwa kwa wanawake na wasichana. Wazee wa pande mbili hukutana, mifugo au fedha hutolewa, na amani baina ya jamaa hulindwa. Aliyetendewa huwa hakuulizwa, na pengine malipo hayamfikii. Katika makambi ya wakimbizi ya Dadaab, yaliyoanzishwa 1991 na 1992 katika iliyokuwa Wilaya ya Garissa, vyombo viwili vimefanya kazi mahali pamoja: mahakama ya hakimu inayosafiri kutoka mjini Garissa, na maslaha ya wazee. Kesi iliyofunguliwa katika chombo cha kwanza mara nyingi imekufa kwa sababu mashahidi walikwisha kupatanishwa katika chombo cha pili.

Sheria ya nchi imejaribu kuweka mpaka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 ilisema kwamba uamuzi wa kusimamisha mashtaka ya aina hiyo si wa polisi, bali ni wa Mwanasheria Mkuu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, iliagiza mahakama kuendeleza njia za jadi za kutatua migogoro, kisha ikakataza njia hizo zisivunje haki za binadamu. Mpaka huo haujanyooka. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa dia, na kifungu hicho cha 159 kikatajwa. Wako waliofurahi kwamba hatimaye mahakama na wazee wamesikilizana. Wako waliouliza kama uhai wa mtu ni mali ya jamaa zake.

Sisi tunaona kwamba maswali hayo mawili hayana budi kutenganishwa. Ugomvi wa koo mbili juu ya kisima ni ugomvi wa maslahi, na maslahi hugawanyika: leo wanywe hawa, kesho wale. Madai ya msichana aliyenajisiwa si maslahi ya ukoo, hivyo hayawezi kugawanywa na wazee wa koo. Ni jambo la kutia uchungu kwamba amani ya Wajir ilianzishwa na wanawake ambao desturi haikuwapa kauli katika shir, ilhali katika kesi za namna hii kauli hiyo bado inakosekana.

Mabadiliko ya 2013 yameongeza ugumu mwingine. Mkoa na wilaya zilipoacha kuwa msingi wa utawala, pakawa na kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zenye magavana waliochaguliwa, na Kamishna wa Kaunti aliyetumwa na serikali ya taifa. Usalama ulibaki kwa serikali ya taifa, huku fedha nyingi za maendeleo zikienda kwa gavana. Kwa hiyo amani na maendeleo, yaliyounganishwa katika kamati moja mwaka 1995, yaligawanywa tena baina ya ofisi mbili, na kiti cha gavana kikawa tuzo kubwa kwa koo kuliko kiti cha bunge kilivyokuwa 1992.

7. Hitimisho

Tumejaribu kufuata njia iliyopitwa na vyombo vya usuluhishi vya kaskazini mashariki, kutoka baraza la amri, kupita soko la Wajir na kikao cha Al-Fatah, mpaka kamati, azimio na katiba. Tumeona kwamba ugomvi wa koo zile zile mbili ulitendewa kwa nguvu mwaka 1984 na kwa ridhaa mwaka 1993, na matokeo yake yanajulikana. Tumeona pia kwamba ridhaa ya vyombo si lazima iwe ridhaa ya watu wote walio chini yake.

Dekha Ibrahim Abdi alifariki mwezi Julai 2011 baada ya ajali ya gari, na wazee wengi waliokaa katika kikao cha 1993 ni wazee sana au wamekwenda. Istilahi walizotumia, kwa Kisomali, Kiborana, Kiarabu na Kiswahili, bado hazijakusanywa katika kamusi yoyote ya Kiswahili. Neno maslaha lenyewe, kwa maana yake ya Garissa, linastahili kuingizwa kamusini kando ya maslahi, pamoja na maelezo ya nani hukaa katika kikao hicho na nani hakai. Kazi hiyo ni ya idara kama zetu, na haifai kucheleweshwa.